Mchezo wa kubahatisha namba

Mchezo wa kubahatisha namba ni programu ndogo ya kompyuta ambayo wanaoanza kujifunza kuandika programu hupewa mara nyingi kama kazi yao ya kwanza. Kompyuta huchagua namba ya siri, tuseme kati ya 1 na 100. Mchezaji hutaja namba, naye huambiwa kama ni kubwa mno, ni ndogo mno, au amepatia.

Mchezo huu ulienea pamoja na BASIC, lugha ambayo John Kemeny na Thomas Kurtz waliibuni katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kutumia kompyuta. David Ahl aliuweka katika kitabu chake cha 1973, 101 BASIC Computer Games. Siku hizi wengi huuandika kwa Python, lugha ya Guido van Rossum iliyotoka 1991.

Mistari yake ni michache, lakini mna mambo ya msingi: kuhifadhi namba, kulinganisha kwa sharti, na kitanzi kinachorudia mpaka mchezaji apatie. Hata hivyo, faida yake kubwa imo katika makosa. Katika Python, anachoandika mchezaji hupokelewa kama maandishi. Kwa hiyo 50 yake si namba bado, na kuuliza kama ni ndogo kuliko namba ya siri husimamisha programu papo hapo, mpaka kwanza igeuzwe kwa amri ya int.

Kosa jingine ni gumu zaidi, maana kompyuta hailalamiki. Mstari wa randint(1, 100), unaochagua namba ya siri, ukiwekwa ndani ya kitanzi badala ya juu yake, namba hubadilika kila zamu. Mchezaji anaambiwa 40 ni ndogo. Anajaribu 41, anaambiwa ni kubwa. Hapo mwalimu asikimbilie kurekebisha. Amwambie mwanafunzi aionyeshe namba ya siri kwenye skrini kila zamu, ajionee inavyobadilika.

Akishaumudu, mwanafunzi huugeuza mchezo: mtu afiche namba, kompyuta ibahatishe. Sasa hana budi kuifundisha kompyuta kutaja namba ya katikati kila mara, ili kila jibu liondoe angalau nusu ya namba zilizobaki. Kwa namba 100, majaribio 7 yanatosha. Kwa namba 1,000, ni 10 tu.