Vielezi vya mshika usukani

Saa 5 na dakika 40 usiku, tarehe 14 Aprili 1912, ofisa William Murdoch alitoa amri isiyo na kitenzi kwa mshika usukani wa Titanic, Robert Hichens: "Hard a-starboard!" Vielezi vitupu, kimoja cha kiasi na kimoja cha upande: kabisa, kulia. Hichens akazungusha gurudumu kushoto hadi likagoma, na omo ya meli ikaanza kugeukia kushoto. Hakuwa amekosea. Ndivyo alivyoamriwa.

Siri yake iko kwenye kana, mpini wa kugeuzia usukani. Aliyewahi kushika kana ya mashua anajua kwamba ukiisukuma kulia, chombo huenda kushoto. Kwa mabaharia wa Kiingereza kielezi cha amri kilihusu kana, hakikuhusu meli. Mwanzoni mwa karne ya 18 merikebu zao zilianza kufungwa gurudumu, na mwenye kuliendesha hakuhitaji tena kuigusa kana. Amri, hata hivyo, ziliendelea kutolewa vilevile, hata kwenye meli za chuma ambazo usukani wake uligeuzwa kwa mashine ya mvuke.

Si kwamba wakubwa hawakuwa wakisikiliza. Upande wa kushoto uliitwa "larboard", jina linalokaribiana mno na "starboard" pale upepo unapovuma. Novemba 1844 uongozi wa jeshi la majini la Uingereza uliagiza kushoto kuitwe "port". Jeshi la majini la Marekani likafuata mwaka 1846. Waliisikia hatari ya maneno mawili yanayofanana, wakaiacha ya amri inayotaja kulia ikikusudia kushoto. Kwao haikuwa hatari, maana kila baharia alikuwa ameikulia.

Ndiyo maana siyaamini sana madai yaliyotolewa mwaka 2010 na mjukuu wa Charles Lightoller, ofisa aliyenusurika, kwamba mshika usukani alichanganya mifumo miwili ya amri, ule wa meli za matanga na ule wa meli za mvuke. Katika meli za biashara za Uingereza za wakati ule, za matanga na za mvuke, mfumo ulikuwa mmoja. Mkanganyiko ulikuwa baina ya mataifa, kwa kuwa si wote walioamuru kwa kana, na rubani huweza kupanda meli ya bendera yoyote.

Wanasheria waliingia kazini London mwaka 1929, kwenye mkutano wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Kifungu chao kinapendeza kwa tahadhari zake. Hakikuishia kusema kulia ni kulia. Kilisema kwamba meli ikiwa inakwenda mbele, neno lenye maana ya kulia litumike tu pale inapokusudiwa gurudumu, bamba la usukani na omo, vyote vitatu, vielekee kulia. Tena kwa meli zilizoundwa kama zilivyoundwa kwa kawaida wakati huo. Kila nyongeza hapo inaziba tundu. Bila "mbele", kwa mfano, kifungu kingeigusa pia meli inayorudi nyuma, ambayo usukani wake hufanya kazi kinyume.

Utaratibu huo ulipangwa kuanza usiku wa manane wa tarehe 30 Juni 1931. Uingereza ilichelewa. Bunge lake lilipitisha sheria mwaka 1932, na ofisa wa meli ya Kiingereza aliyeendelea kuamuru kwa desturi ya kana akawa anatenda kosa la kutozwa faini.