Stempu za Posta Zilivyopima Nguvu za Kiume

Miaka ya 1970, mwanaume mwenye kisukari akimwambia daktari kuwa mashine haiamki, mara nyingi alijibiwa: ni mawazo tu hayo, punguza wasiwasi. Anarudi nyumbani vilevile, na mke naye anaanza kuhisi kuna mchepuko.

Mwaka 1980 madaktari wa Marekani wakaandika kuhusu kipimo cha bei chee kabisa: stempu za posta! Mgonjwa anazungusha mkanda wa stempu kwenye uume, anabandika ncha zake, analala. Mwanaume mwenye afya husimamisha mara kadhaa usiku akiwa usingizini, hata kama haoti mapenzi. Asubuhi stempu zikikutwa zimeachana kwenye vitobo, mwili unafanya kazi, tatizo litafutwe kichwani. Zikiwa nzima, huenda hitilafu iko mwilini.

Na kwenye kisukari mara nyingi ndiko iliko. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva na mishipa ya damu, hivyo damu haijai inapotakiwa.

Kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro (mtu akijigeuza vibaya tu, stempu zinachanika), na siku hizi daktari huanza na maswali, sukari, presha, dawa unazotumia na homoni. Ila kwa mume aliyeshukiwa ana mwingine nje, stempu nzima asubuhi ilikuwa walau kitu cha kumwonyesha mkewe.