Kutoka Namba ya Rafu hadi Msimbopau: Utunzaji wa Kumbukumbu za Kilwa na Funzo Lake kwa Njinjo

1.0 Utangulizi

Njinjo ni kata iliyo katika bonde la Mto Matandu, wilayani Kilwa, mkoani Lindi. Kama ilivyo kwa majirani zake, historia ya eneo hili, hususani ya Vita vya Majimaji vya 1905–1907, ilitunzwa kwa muda mrefu katika vinywa vya wazee. Makala haya yanadai kwamba kumbukumbu hudumu kwa mambo mawili: kitu kinachoihifadhi na orodha inayoonesha ilipo. Likikosekana moja, jingine halifai kitu.

2.0 Namba ya Rafu

Tarikhi ya Kilwa inathibitisha dai hilo. João de Barros alichapisha muhtasari wake mwaka 1552. Nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877 ilimfikia John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, na leo imo British Library, ambako msomi huipata kwa kutaja namba Or. 2666. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu masultani wa Kilwa. Huonesha mahali tu. Hata hivyo, bila hiyo hati ingekuwa karatasi miongoni mwa karatasi.

3.0 Sauti

Mwaka 1906 Karl Weule alirekodi sauti za watu wa Lindi na nyanda za Makonde katika silinda za nta. Hapo liliibuka tatizo jipya: hati husomwa kwa macho, lakini silinda bila mashine yake ni bubu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee kuhusu Majimaji. Walioviona vita hivyo wamekwisha kufariki. Yaliyobaki ni yale yaliyowekwa kumbukumbu.

4.0 Maktaba ya Tepu Inayojiendesha

Fritz Pfleumer alibuni tepu ya sumaku mwaka 1928, na IBM ikaleta kiendeshi cha tepu cha 726 mwaka 1952. Katika maktaba za tepu za sasa, kila katriji hubandikwa lebo yenye msimbopau. Faili linapoombwa, programu hutafuta katika hifadhidata katriji inayohusika na kitundu ilimo; mkono wa roboti huichomoa, huhakiki msimbopau na kuitia katika kiendeshi. Katriji iliyotulia haitumii umeme, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya tepu kupendwa kwa hifadhi ya muda mrefu.

Udhaifu wake ni ule ule wa silinda. Katriji ya LTO ya kwanza, ya mwaka 2000, ilibeba gigabaiti 100. Ya kizazi cha 9, ya mwaka 2021, hubeba terabaiti 18. Lakini kiendeshi cha kizazi cha 9 husoma katriji za kizazi cha 8 na cha 9 pekee. Asiyehamisha data kwa wakati hubaki na tepu nzima isiyosomeka. Msimbopau nao, kama Or. 2666, ni jina tu. Hifadhidata ikipotea, roboti haijui lililomo.

5.0 Hitimisho

Kwa hiyo, atakayerekodi wazee wa Njinjo hana budi kuandika papo hapo jina la kijiji, tarehe, lugha na ridhaa ya msimulizi, na kuacha nakala Kilwa kwenyewe. Roboti huweza kuleta katriji kwa sekunde chache. Haiwezi kueleza sauti iliyomo ni ya nani.