Kadhi wa Sisilia: Kwa Kufuata Njia ya Pwani ya Tunisia

Njia itokayo Tunis kushuka kusini kwa kufuata bahari si ndefu. Mwenye haraka huweza kufika kisiwa cha Djerba kwa siku moja, kwani ni kiasi cha kilomita 500 tu. Lakini, ndugu msomaji, hii si njia ya haraka. Kushoto kuna Bahari ya Mediterania, kulia mizeituni isiyokwisha, na katikati ipo miji iliyoacha alama kubwa katika fiqhi ya Imamu Malik. Miji hiyo imeangalia upande mmoja, upande wa Sisilia, na swali moja limewarudia wanachuoni wake kwa namna mbalimbali: hukumu ya Kiislamu inasimama juu ya nini pale mtawala anapokuwa si Mwislamu?

Tuanzie Sousse, ambayo Waarabu huiita Susa. Ribati yake bado imesimama karibu na bandari, na mnara wake ulijengwa mwaka 206 Hijria (821 Miladia) katika zama za Amiri Ziyadatullah wa ukoo wa Aghlabi. Ribati ni ngome na ni msikiti: watu walikaa humo wakifanya ibada huku wakilinda pwani. Kutoka bandari hii, mwaka 212 (827), liliondoka jeshi la kwenda Sisilia, na aliyeliongoza hakuwa mwanajeshi. Alikuwa Asad bin al-Furat, kadhi wa Qayrawan, mzee wa miaka sabini hivi, aliyesoma kwa Imamu Malik Madina, kisha Iraq kwa Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Masuala aliyoyaandika kwa Ibn al-Qasim huko Misri ndiyo ambayo baadaye Sahnun aliyasahihisha yakawa Mudawwana.

Jambo la kuzingatia ni mjadala uliotangulia safari hiyo. Palikuwa na mkataba wa amani na Warumi wa Sisilia, na katika masharti yake ilikuwamo kuwarejesha mateka wa Kiislamu. Amiri akawauliza makadhi wake wawili: je, mkataba umevunjika? Abu Muhriz akataka wasubiri mpaka wapate uhakika. Asad akasema waulizwe wajumbe wenyewe wa Sisilia. Ikiwa kwa maneno ya wajumbe mkataba ulifungwa, basi kwa maneno ya wajumbe unaweza kufunguliwa. Wajumbe wakakiri kwamba mateka wapo. Mtu anaweza kuona kuwa Abu Muhriz ndiye aliyekuwa na tahadhari zaidi, nami naelekea huko. Hata hivyo inafaa tuone kwamba vita havikuanza mpaka hoja ya ahadi imejibiwa. Asad alitua katika mji wa Mazara, na akafariki mwaka uliofuata wakiwa wameuzingira mji wa Syracuse.

Kutoka Sousse hadi Monastir ni kama kilomita 20. Mwenye kukusudia kuishia hapo hakusuru sala, kwani kwa Wamaliki masafa ni burudi nne, karibu na kilomita 80. Ama aliyenuia tangu mwanzo kufika Djerba, huyo ni msafiri hata akienda polepole mji kwa mji, maadamu hakunuia kukaa siku nne kamili mahali pamoja. Monastir kuna ribati ya zamani zaidi, ya mwaka 180 (796), iliyojengwa na Harthama bin A'yan, gavana wa Khalifa Harun al-Rashid. Na kuna makaburi mawili ambayo msafiri asiyapite. Moja ni la Imamu al-Mazari. Jingine, lenye kuba la dhahabu na wageni wengi zaidi, ni la Rais Habib Bourguiba aliyefariki mwaka 2000. Tutawarudia wote wawili.

Mahdia iko mbele kidogo, rasi nyembamba yenye bahari pande tatu. Waliijenga Mafatimi mwanzoni mwa karne ya 4 Hijria kama ngome yao. Baada ya Qayrawan kuharibiwa mwaka 449 (1057), elimu ilihamia pwani: Abu al-Hasan al-Lakhmi alikaa Sfax, na mwanafunzi wake, Abu Abdillah Muhammad bin Ali al-Mazari, alifundisha hapa Mahdia mpaka alipofariki mwaka 536 (1141). Nisba yake ni ya Mazara, mji ule ule alikotua Asad. Lakini Mazara haikuwa tena ya Waislamu. Wanormani walichukua Palermo mwaka 1072, na kufikia mwaka 1091 kisiwa chote kilikuwa mikononi mwao. Maelfu ya Waislamu walibaki, na misikiti yao, na makadhi wao, ila aliyewateua makadhi hao alikuwa mfalme wa Kikristo.

Imamu al-Mazari aliulizwa maswali mawili, na fatwa zote mbili zimehifadhiwa na al-Wansharisi katika Mi'yar. La kwanza ni la wafanyabiashara: Ifriqiya ina njaa, Sisilia ina ngano, je, inajuzu kusafiri kuinunua? Akajibu kuwa, ikiwa huko watapitishiwa hukumu za makafiri, haijuzu, na haja ya chakula si udhuru. Ni jibu zito kwa watu wenye njaa.

La pili: zinafika Mahdia hukumu zilizoandikwa na kadhi wa Sisilia na ushahidi wa waadilifu wake. Je, zikubaliwe, na haijulikani kama watu hao wamebaki huko kwa kulazimika au kwa hiari? Tungetazamia ukali ule ule. Kinyume chake, imamu alifungua mlango. Asili, alisema, ni kumdhania Mwislamu wema. Huenda hana njia ya kutoka, huenda amebaki kwa nia njema ya kuongoza au kutarajia nchi irudi, na hayo hayauharibu uadilifu wake. Ama kuteuliwa na kafiri, watu hawana budi na mwenye kuamua baina yao, kwa hiyo hukumu ya kadhi huyo hupita kana kwamba ameteuliwa na sultani Mwislamu.

Baadhi ya waandishi wa leo huziona fatwa hizi mbili kuwa zinapingana. Mimi sioni hivyo. Mfanyabiashara yuko nje na ana hiari ya kutoingia. Mwislamu wa Palermo yumo ndani. Ukiikataa karatasi ya kadhi wake, umebatilisha ndoa yake, mirathi yake na mali ya yatima wake, na mfalme hakupungukiwa kitu. Anayeshitakiwa katika Mahakama ya Kadhi nchini Kenya, ambayo msingi wake leo ni kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, anaguswa na hoja hii hata kama hajalisikia jina la al-Mazari. Na huko Monastir, aliyelala chini ya kuba la dhahabu ndiye ambaye, mwaka 1956, serikali yake ilizifuta mahakama za sharia Tunisia. Mfalme wa Kinormani alizibakisha kwa raia zake Waislamu. Kiongozi Mwislamu akazifuta.

Baada ya Sfax na mitende ya Gabès, njia inafika Djerba kwa kivuko au kwa barabara ya kale ipitayo juu ya maji. Hapa fiqhi inabadilika, kwani wenyeji wengi wa zamani ni Maibadhi. Kwao msafiri hukusuru akipita farsakhi mbili, na huendelea hata akikaa muda mrefu, maadamu hakupafanya pale kuwa maskani yake. Misikiti yao ni midogo, meupe, na baadhi imechimbwa ardhini. Roger wa Pili aliiteka Djerba mwaka 1135, na Mahdia mwaka 1148, miaka saba baada ya kifo cha al-Mazari. Waislamu waliirudisha Mahdia mwaka 1160. Lile swali lililovuka bahari kutoka Sisilia sasa likawa la wenyeji wa pwani wenyewe.

Maibadhi walikuwa na mlango wake tayari katika elimu yao. Wanahesabu hali nne za uongozi, na mojawapo ni kitmani, yaani hali ya jamaa isiyokuwa na imamu wa dhahiri. Katika hali hiyo, tangu mwanzoni mwa karne ya 5 Hijria, mambo ya watu yalisimamiwa na baraza la wanachuoni liitwalo Azzaba. Mtindo huo ulidumu pia Mzab, kule Algeria, nchi ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, aliyefariki mwaka 1914. Wafaransa waliiunganisha Mzab na himaya yao mwaka 1882. Tafsiri ya sheikh huyo, Himyan al-Zad, ilipigwa chapa Unguja katika mtambo wa Sultani Barghash. Na mwaka 1890 Unguja yenyewe ikaingia chini ya Waingereza, na makadhi wake, wa Kiibadhi na wa Kishafii, wakaendelea kukaa kuhukumu.