Kazi za Mama wa Nyumbani Zilivyotambuliwa Mahakamani

Mama wa nyumbani ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Huchota maji, huwasha jiko, hufua, hupika na kukesha na mtoto mwenye homa. Kisha husikia akitajwa kuwa hana kazi. Kwa miaka mingi kinyongo hicho kiliishia jikoni na kisimani. Ndoa zilipovunjika na mke akatoka na begi la nguo peke yake, kikafika mahakamani.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ndoa mwaka 1971. Kifungu cha 114 kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Lakini kazi ipi? Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wapo walioshikilia kwamba kupika na kulea ni wajibu wa mke, hakumpi fungu katika nyumba. Wengine waliona kwamba mume huchuma kwa sababu yupo anayemtunzia familia.

Ubishi huo ulikatwa mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya mwanzo ilikuwa imemnyima mgawo kwa hoja kwamba alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali ya familia.

Hata hivyo, Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kuanzisha mradi, zikapotea, zilikuwa zimeshamaliza fungu lake. Faida ya rufaa yake waliivuna wanawake waliokuja baadaye. Kenya nayo, katika Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, iliandika wazi kuwa kazi za nyumbani na malezi ya watoto ni mchango.

Sheria hizi ni ushindi, ila hufanya kazi ndoa ikishakufa. Enyi waume, msingoje hakimu awahesabie jasho la wake zenu. Mnaponunua kiwanja, jina la mke liandikwe kwenye hati siku hiyo hiyo.