Vikaguzi vya aina vilivyoingia kwa mlango wa nyuma

Katika miaka ya 1970, kwenye maabara za kampuni ya Bell huko New Jersey, Marekani, Stephen Johnson aliandika programu mbili ambazo wajukuu wake wanatumika leo karibu kila mahali programu zinapoandikwa. Ya kwanza, yacc, ilizalisha msimbo: uliipa kanuni za sarufi ya lugha fulani ya kompyuta, nayo ikakutolea programu ya C yenye uwezo wa kuisoma lugha hiyo. Ya pili, lint, haikuzalisha chochote. Ilisoma msimbo wa C ulioandikwa na binadamu, kisha ikanung'unika.

Ilikuwa na haki ya kunung'unika. C, lugha ya Dennis Ritchie iliyozaliwa mwaka 1972, iliwaamini mno watu. Kompaila zake za mwanzo hazikujali kama funksheni inayotaka namba mbili imepewa tatu, wala kama anwani ya kumbukumbu imewekwa mahali pa namba kamili. Kwenye kompyuta ndogo za PDP-11 uzembe huo mara nyingi ulipita salama. Johnson na Ritchie walipoanza kuihamishia Unix, mfumo endeshi wa maabara hizo, kwenye mashine ya Interdata yenye biti 32, uzembe ule ukaanza kudai deni lake.

Johnson angeweza kuibana kompaila yenyewe. Hakufanya hivyo. Ukaguzi mkali aliuweka kwenye programu ya pembeni, ili kompaila ibaki nyepesi na anayetaka kukaguliwa aende mwenyewe akakaguliwe. Uamuzi huo wa mwaka 1978 ulionekana wa kiufundi tu, lakini wenye kuuelewa vizuri ndio waliokuja kushinda mjadala mkubwa wa miaka ya 2010.

Mjadala wenyewe ni huu. Kila kigeu kwenye programu kinabeba kitu cha aina fulani: namba, maandishi, tarehe, orodha. Je, mwandishi alazimike kuitaja aina hiyo mapema, au mashine igundue programu ikiwa tayari inakimbia? FORTRAN ya timu ya John Backus huko IBM, mwaka 1957, ilijibu kwa njia ya mkato: jina la kigeu likianza na herufi kati ya I na N, basi ni namba kamili; likianza na herufi nyingine, ni namba ya desimali. Kosa moja la tahajia lilitosha kuzaa kigeu kipya kimyakimya.

Jibu la kifahari zaidi lilitoka Edinburgh. Mwaka uleule wa 1978, Robin Milner alichapisha nadharia iliyokuwa nyuma ya lugha yake ya ML, ambayo kompaila yake iliweza kubaini aina za vitu vyote bila mwandishi kuzitaja, na programu iliyopita ukaguzi ilikuwa na uthibitisho wa kihisabati kwamba haitachanganya aina. J. Roger Hindley alikuwa amefikia matokeo ya karibu na hayo mwaka 1969, akitokea upande wa mantiki. Milner alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1991. Vyuo vikuu viliipenda ML. Viwanda vilitikisa kichwa kwa heshima, vikaendelea na C.

Na hata palipotumika lugha kali, ukali haukuwa kinga ya kila kitu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na haikumaliza dakika moja angani. Programu ya mfumo wake wa mwelekeo iliandikwa kwa Ada, lugha inayosifika kwa ukali wa aina. Ndani yake namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, na thamani ikawa kubwa kuliko chombo chake. Msimbo huo ulirithiwa kutoka Ariane 4, ambayo haikuwahi kufikia thamani kubwa kiasi hicho. Kompaila haikuwa na la kulalamikia: ugeuzaji uliandikwa waziwazi, na waandishi walikuwa wameamua kutouwekea kinga ili kuokoa nguvu ya kompyuta. Satelaiti nne za utafiti ziliteketea pamoja na roketi.

Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1990, waliosema aina ni urasimu mtupu walikuwa na hoja ya kusikilizwa, na wakati ulikuwa upande wao. Python ya Guido van Rossum ilikuwa imetoka mwaka 1991. Mei 1995 Brendan Eich, akiwa Netscape, aliandika toleo la kwanza la JavaScript kwa siku kumi. Lugha zote mbili hazikuhitaji utaje aina yoyote. JavaScript ilikwenda mbali zaidi kwa upole: ukiipa vitu viwili visivyolingana, inajitahidi kuvilinganisha yenyewe. Mteja akiandika bei ya 500 kwenye fomu ya tovuti, ile 500 humfikia mwanaprogramu kama maandishi. Akiijumlisha na nauli ya 30 bila kuigeuza kwanza, anapata 50030. Hakuna onyo lolote.

Kwenye ukurasa mdogo kosa hilo ni la kuchekesha. Kufikia mwaka 2010, barua pepe, ramani na majedwali vilikuwa vimehamia ndani ya kivinjari, na msimbo wa JavaScript ukahesabiwa kwa mamia ya maelfu ya mistari. Google ilikuwa imetoa Closure Compiler mwaka 2009, iliyosoma aina zilizoandikwa ndani ya maelezo ya pembeni ya msimbo. Ndani ya Microsoft kulikuwa na timu zilizoikwepa JavaScript kabisa: ziliandika C#, kisha zana iitwayo Script# ikazalisha JavaScript badala yao.

Anders Hejlsberg hakuipenda njia hiyo. Mdenmaki huyu, baba wa Turbo Pascal na wa C# yenyewe, alisema dawa ni kuiponya JavaScript, si kuificha. Tarehe 1 Oktoba 2012 Microsoft ikatangaza TypeScript. Mtindo ulikuwa wa Johnson. Msimbo wa JavaScript uliokuwepo ulihesabika kuwa TypeScript tayari. Aina ziliongezwa pale mwandishi alipotaka. Na baada ya ukaguzi kompaila ilizifuta zote, ikatoa JavaScript ya kawaida. Waandishi wa TypeScript waliandika wazi, katika orodha ya mambo wasiyoyalenga, kwamba hawatafuti mfumo wenye uthibitisho kamili. Milner angekunja uso.

Facebook ilijaribu kuwa karibu zaidi na Milner. Zana yake, Flow, iliyotolewa Novemba 2014, iliandikwa kwa OCaml, mzao wa ML, na ilikazania usahihi. Tangu mwanzo ilijua kwamba thamani inaweza kuwa haipo kabisa, ikamlazimisha mwandishi aangalie kabla ya kuitumia. TypeScript ilipata uwezo huo Septemba 2016, katika toleo la 2.0, tena kwa hiari. Kwa anayelinganisha karatasi kwa karatasi, Flow ilikuwa zana bora kwa miaka kama miwili.

Bado ikashindwa sokoni. Mwaka 2015 timu ya Angular ya Google iliacha lahaja yake yenyewe, AtScript, ikajiunga na TypeScript. Watu wa kujitolea walikuwa wamekwisha kuandika faili za aina kwa ajili ya maelfu ya maktaba za JavaScript na kuziweka kwenye hazina moja ya wazi, DefinitelyTyped. Aliyechagua TypeScript alikuta kazi imefanyika. Mwaka 2019 Jest, zana ya majaribio iliyozaliwa Facebook kwenyewe, ilihama kutoka Flow kwenda TypeScript. Kuhusu makosa yenyewe, utafiti wa Gao, Bird na Barr wa mwaka 2017 ulichukua makosa yaliyokwisha kuripotiwa kwenye miradi ya JavaScript na kuuliza ni mangapi yangenaswa mapema. Zana zote mbili zilinasa takribani asilimia 15. Ubora wa ukaguzi, basi, haukuamua mshindi.

Katika Python hadithi ilikuwa ya watu zaidi kuliko kampuni. Jukka Lehtosalo, mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, alikuwa akitengeneza lugha yake mwenyewe inayofanana na Python. Kwenye mkutano wa PyCon mwaka 2013 Van Rossum alimshawishi aache lugha mpya na atumie sintaksia ya Python ileile. Hapo ndipo kikaguzi chake, mypy, kilipoanza kusimama, na mwaka 2015 Python 3.5 ikaja na kanuni rasmi za kuandika aina. Dropbox, ambako wote wawili walifanya kazi, ilifikisha mistari milioni 4 iliyokaguliwa mwaka 2019.

Lakini nani angeandika aina za mistari yote hiyo? Hapa ndugu wa yacc walirudi. Mwaka 2017 Dropbox ilitoa PyAnnotate na Instagram ikatoa MonkeyType. Zote mbili huitazama programu ikikimbia, hudokoa ni vitu gani hasa vinapita kwenye kila funksheni, kisha huzalisha aina na kuzipachika kwenye msimbo. Ni zana za kuheshimika, ila zina udhaifu ulio wazi: hujua yaliyotokea tu. Tawi la programu ambalo halikuguswa siku hiyo hubaki bila aina.

Pengo jingine liko mpakani. Kikaguzi huona msimbo wa mradi wako, hakioni kinachotumwa na seva ya mtu mwingine. Ukitangaza kwamba namba ya simu ni maandishi na upande wa pili ukaituma kama namba, ile sifuri ya mbele ya 0712 hupotea, na TypeScript, ambayo aina zake zimekwisha kufutwa, haina macho ya kuliona hilo. Dawa iliyozoeleka ni mkataba: faili moja inayoeleza data, na zana ya kuzalisha msimbo wenye aina kwa pande zote mbili. Google ilikuwa ikifanya hivyo ndani kwa Protocol Buffers kabla ya kuiachia dunia mwaka 2008. Mkataba mwingine wa aina hiyo, Swagger, ulikabidhiwa mwaka 2015 kwa taasisi ya pamoja chini ya Linux Foundation, ukaitwa OpenAPI, na mwaka huohuo Facebook ikatoa wa kwake, GraphQL.

Sasa mashindano yamehamia kwenye kasi. Machi 2025 Hejlsberg alitangaza kwamba kompaila ya TypeScript inaandikwa upya kwa Go, lugha ya Google, akaiacha kando C# aliyoibuni mwenyewe, jambo lililowaudhi mashabiki wake wa zamani. Msimbo wa VS Code, kihariri cha msimbo cha Microsoft, wenye mistari milioni moja na nusu, ulikaguliwa kwa sekunde 7.5 badala ya 77.8. Upande wa Python, Meta ilitoa Pyrefly na kampuni ya Astral ikatoa ty, zote kwa Rust.

Wingi huo umezaa tatizo lake. Mypy, ikiachwa katika hali yake ya kawaida, haiingii ndani ya funksheni isiyo na aina. Pyright ya Microsoft huingia na kukagua. Faili moja hupita kwa mmoja na kukataliwa na mwingine. Tangu mwishoni mwa 2023 kuna baraza maalumu la aina za Python linalotunza kanuni, pamoja na mkusanyiko wa majaribio ambao matokeo yake huchapishwa kwa jedwali: kila kikaguzi na safu yake, kila kanuni na mstari wake, na mahali gani bado hakijatii.