Baraza la Malya: kuinuka na kuanguka kwa serikali ya watemi wa Usukuma

Shirikisho la Usukuma lilikuwa serikali ya ndani ya watemi wapatao 50, iliyoundwa na Waingereza mwaka 1946 kwa ajili ya nchi ya Wasukuma iliyo kusini na kusini mashariki ya Ziwa Victoria. Makao yake yalijengwa Malya, katika Wilaya ya Kwimba, mahali ambapo hapakuwa na mji wala ikulu ya mtemi yeyote. Chini yake zilikuwa wilaya za Mwanza, Kwimba, Maswa na Shinyanga, na baadaye Geita, zenye watu takriban milioni moja. Kwa miaka isiyozidi kumi na mitano lilipanga kilimo, lilitunga kanuni na kusimamia fedha, huku Gavana aliyeko Dar es Salaam akibaki na kauli ya mwisho. Historia ya Tanganyika ina majaribio machache ya kuipa sehemu moja ya nchi mamlaka yake ya ndani, na hili lilikuwa miongoni mwa makubwa zaidi.

Kabla ya hapo Usukuma haikuwahi kuwa na mfalme mmoja. Buganda ilikuwa na Kabaka, na Ukerewe, kisiwa kinachoonekana kutoka pwani ya Mwanza, kilikuwa na Omukama wake. Wasukuma walikuwa na himaya ndogondogo nyingi: Nera, Bukumbi, Usmao, Busukuma, Mwagala, Kanadi na nyinginezo, kila moja ikiwa na mtemi wake na ngoma yake. Mtemi alikuwa mtawala, hakimu, na zaidi ya yote mwenye dhamana ya mvua. Alilimiwa shamba na watu wake, akapokea sehemu ya mavuno na pembe za ndovu, na kutokana na maghala yake walilishwa wageni na wenye njaa.

Mamlaka hayo yalikuwa na mipaka ambayo maofisa wa kikoloni walichelewa kuielewa. Kwa desturi ya zamani utemi haukutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Ulipita upande wa kike, kwa watoto wa dada au wa mabinti wa ukoo wa kitemi, na wazee wa ngoma, banang'oma, ndio waliomteua mmoja kati ya waliostahili. Waliomweka waliweza pia kumwondoa, na ukame wa misimu miwili mitatu ulitosha kuwa sababu. Chini ya mtemi walikuwepo wanangwa, viongozi wa vijiji, ambao wengi wao walikuwa wana wa watemi. Kwa kuwa hawakuweza kurithi kiti, vijiji vilikuwa ndiyo haki yao.

Pembeni kabisa ya ngazi hiyo alisimama nsumba ntale, mkuu wa vijana. Huyu hakuhitaji damu ya kitemi. Vijana wenyewe walimchagua, naye aliwaita kwenye kilimo cha pamoja, kwenye ngoma na kwenye msako wa mifugo iliyoibiwa, na aliweza kumtenga mwanakijiji mkaidi hadi atoe faini. Mwanangwa asiyepatana na basumba batale, yaani wakuu hao wa vijana, hakuwa na wa kumtuma. Anayetafuta demokrasia katika Usukuma ya kale ataikuta hapa kuliko ikulu.

Wajerumani waliofika Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890 hawakujishughulisha sana na mambo hayo. Walijenga boma, wakatoza kodi, wakaamuru pamba ilimwe, na mtemi aliyewapinga walimwondoa na kumweka mwingine. Waingereza waliuteka mji wa Mwanza Julai 1916, na kwa karibu miaka kumi waliendelea na mtindo huohuo bila sera iliyo wazi.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Donald Cameron, Gavana wa Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931. Alikuwa ametumika Nigeria, na alikuja na imani kwamba Waafrika watawaliwe kupitia wakuu wao wenyewe. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwatambua watemi kuwa vyombo vya serikali. Kila mamlaka ilipewa hazina yake, iliyobakiziwa sehemu ya kodi, na mahakama yake, ambayo tangu 1929 rufaa zake zilikwenda kwa maofisa wa utawala badala ya Mahakama Kuu. Ushuru wa kimila ulifutwa. Mtemi alianza kulipwa mshahara.

Mshahara huo ulibadilisha mambo kuliko sheria yenyewe. Mtemi aliyekula kutoka kwenye hazina hakuhitaji tena jembe la raia wake, na ghala lake halikuwa tena tegemeo la wenye njaa. Banang'oma waliendelea kutaja jina la mrithi, lakini jina hilo halikuwa na maana mpaka Mkuu wa Wilaya akubali. Polepole urithi ulihamia kwa wana wa watemi, hasa wale waliokwenda shule, kwa sababu serikali ilitaka mtu anayeweza kusoma barua na kutunza daftari la kodi. Kwa hiyo mtemi aliimarika juu na kulegea chini kwa wakati mmoja.

Mwaka 1945 Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya katika Shinyanga, aliteuliwa pamoja na Mangi Abdiel Shangali wa Machame kuwa Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Mwaka uliofuata likaja shirikisho. Hoja ya Waingereza ilikuwa ya kiutendaji: himaya ndogo zilikuwa dhaifu kifedha, na matatizo ya ardhi hayakujua mpaka kati ya mtemi mmoja na mwingine. Ng'ombe walikuwa wengi, udongo ulichoka, na watu walisongamana katikati ya Usukuma huku mapori ya Geita yakikaliwa na mbung'o. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza 1947, ulikuja na fedha, malambo, barabara na kazi ya kufyeka mapori, na wakulima wengi walihamia Geita kwa sababu hiyo.

Pamoja na malambo zilikuja kanuni. Mkulima aliamriwa kulima kwa matuta, kutumia samadi, kupanda muhogo wa akiba na kupunguza mifugo yake kila mwaka. Wataalamu waliziandika, baraza la Malya likazipitisha, wanangwa wakazitekeleza, na aliyezivunja alipigwa faini katika mahakama ya mtemi. Kimaandishi ulikuwa utawala wa ndani. Kwa mkulima wa Kwimba aliyelazimishwa kuuza ng'ombe, sura ya amri hiyo ilikuwa ya mtemi wake, wala si ya mzungu aliyeibuni.

Wakati huo nguvu nyingine ilikuwa ikikua nje ya ngoma. Wakulima wa pamba, waliochoshwa na mizani ya wanunuzi, waliunda vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo ndani ya miaka michache lilikuwa kati ya vyama vikubwa zaidi vya wakulima barani Afrika. Chama cha kisiasa cha Waafrika, TAA, ambacho katika Jimbo la Ziwa kilikuwa na katibu mchapakazi, mshairi Saadani Abdu Kandoro, kiligeuka TANU mwaka 1954. Serikali ilikataa kukisajili Usukuma, na katazo hilo lilidumu hadi 1958. Lililofanywa kuwalinda watemi liliwaumiza, kwa sababu chuki dhidi ya kanuni za kilimo ilikosa mlango halali wa kupitia.

Waingereza walijibu kwa kuongeza mabaraza. Mwaka 1955 liliundwa Mwanza baraza la jimbo lenye wajumbe Waafrika, Wahindi na Wazungu, na baadaye Geita ilipewa baraza la wilaya la namna hiyo. Wakulima waliona ni njia ya kuwapa wageni ardhi. Mwaka 1958 maelfu waliandamana, wakatoka Geita hadi Mwanza mjini, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Serikali ilirudi nyuma, kanuni nyingi zikafutwa, na wanangwa waliokuwa wakizitekeleza wakabaki wakiangaliana.

Uhuru ulipofika, utemi ulikuwa umekwisha nguvu kabla haujafutwa. Serikali ya Mwalimu Nyerere, mwenyewe mwana wa mtemi wa Wazanaki wa mashariki ya ziwa, iliondoa mamlaka ya machifu nchi nzima mwaka 1963, na Usukuma haikupigana kuyatetea. Kwa kulinganisha, mwaka uliofuata Muungano wa Tanganyika na Zanzibar uliiachia Zanzibar serikali yake, na leo ina Rais, Katiba ya 1984 na Baraza la Wawakilishi. Tofauti si ya ukubwa, kwani Wasukuma walikuwa wengi kuliko Wazanzibari. Mamlaka ya Zanzibar yalitokana na makubaliano ya nchi mbili, ilhali ya Malya yalitokana na sheria ya Gavana, ambayo bunge lolote lingeweza kuifuta.

Nafasi ya utemi ilichukuliwa na viongozi wa kuchaguliwa: Mkolani, kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyo kando ya barabara iendayo Shinyanga, leo ina diwani anayeingia katika Halmashauri ya Jiji la Mwanza, na mitaa yake ina wenyeviti wanaopigiwa kura kila baada ya miaka mitano. Basumba batale ndio waliorudi kwa namna fulani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda polisi, vijiji vya Usukuma na Unyamwezi viliunda sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, vikawapa viongozi wake cheo cha mtemi, vikatoza faini na kuwatenga wakaidi. Serikali iliwatazama kwa mashaka, kisha mwaka 1989 ikawapa nafasi katika sheria za mgambo. Watemi wa ukoo wamebaki na heshima na sherehe. Septemba 2021, huko Kisesa wilayani Magu, walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mkuu wa machifu kwa jina la Hangaya. Kwa sheria za nchi, utemi hauwapi mahakama, hazina wala kodi.